Mtoto Anataka Kompyuta ya Gemu? Nunua Inayofunguka, Lipa Mara Moja

Ikifika Februari na pesa za kurudishiwa kodi zikianza kuingia benki, maswali ninayoulizwa hubadilika ghafla. Fomu ya W-2 inasahaulika. Swali linakuwa hili: "Kaka, kijana anataka ile kompyuta ya gemu, anasema ni ya kuchorea pia. Nichukue ipi, na nilipe vipi?" Wanaouliza ni akina dada wanaolea watoto wa watu Plano na Sugar Land, na mafundi wanaofunga jipsamu na kumwaga zege kuanzia Fort Worth mpaka Katy. Hawa ni watu wanaojua thamani ya dola moja, na kila mwezi wana wa kumtumia nyumbani.

Wengi wanauliza kwa aibu kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa ya kufanya upuuzi. Mimi sioni upuuzi. Fundi hajengi bila mwiko, na mtoto anayechora kwenye kompyuta anahitaji kompyuta. Kwamba jioni atachezea gemu kwenye mashine hiyo hiyo, basi achezee. Ninapoona familia zikiumia, mara nyingi kompyuta yenyewe haina kosa. Wanaumizwa na namna walivyolipa, au na kununua boksi ambalo kikiharibika kitu kimoja ndani yake, lote linakuwa takataka.

Nianze na kulipa, maana huko ndiko pesa nyingi inakopotelea.

Mwaka jana mama mmoja wa Alief, Houston, alinipa mkataba wake niusome. Yeye anasafisha nyumba, mumewe anafunga jipsamu. Kijana wao ana miaka 15 na anachora tangu akiwa mdogo. Kompyuta yake waliichukua kwenye duka la kukodi mpaka kitu kiwe chako: dola 32 kwa wiki, kwa wiki 78. Hakuna malipo ya awali, hakuna kuangalia historia yako ya mikopo, na wanakuletea mpaka mlangoni. Zidisha mwenyewe. Ni dola 2,496. Kompyuta ya aina ile ile niliitafuta siku hiyo hiyo, ilikuwa inauzwa taslimu kwa chini ya dola 1,000.

Kwenye karatasi zote zile hukuti neno riba, na hakuna sheria iliyovunjwa. Mkataba wa namna hiyo hauhesabiwi kuwa mkopo, ni ukodishaji, kwa hiyo hakuna asilimia ya riba ya kuandika. Ila sheria ya Texas inawalazimisha waandike jumla ya malipo yote utakayofanya mpaka kitu kiwe chako. Namba hiyo ipo kwenye mkataba. Tatizo ni kwamba muuzaji anakutajia dola 32, na wewe unalipwa kwa wiki, unafikiri kwa wiki, unaona dola 32 ni chakula cha mchana cha siku tatu. Kabla hujasaini, weka kidole juu ya hiyo jumla, uisome kwa sauti mbele ya mwenzio.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa hizo dola. Januari mvua zilikata kazi za mume, wakajikuta nyuma wiki tatu. Mwezi huo huo mama alikuwa amemwahidi mdogo wake ada ya mtoto, shule ya binafsi kule Morogoro. Usipolipa duka, wanakuja kuichukua kompyuta, na uliyokwisha kulipa hurudishiwi. Usipolipa Morogoro, mtoto wa kidato cha tatu anarudishwa nyumbani, lakini hakuna atakayekuja kugonga mlango wako Houston. Unajua ipi ililipwa. Mkataba wa kila wiki una tabia hiyo, unajipanga mbele ya foleni ya watu wako wote, kwa sababu wao wanakuvumilia na duka halikuvumilii.

Sasa chukua dola 32 hizo hizo, ziweke pembeni kila Ijumaa kwenye akaunti ambayo kadi yake huitembezi. Wiki ya 38 una dola 1,216. Hiyo inatosha kompyuta, skrini na kalamu ya kuchorea, kama nitakavyoonyesha hapo chini. Wiki 40 zilizobaki hudaiwi na mtu. Na wiki mvua ikinyesha unaruka, hakuna anayekuja kuchukua kitu.

Wanaocheza upatu wanaelewa hili bila mimi. Wakenya mnaita chama, ndugu zetu Wakongo wanasema likelemba, na Dar tunasema tu "kucheza mchezo", kwa hiyo huyu ataipata mashine ya michezo kwa mchezo. Watu kumi, dola 120 kila mmoja kwa mwezi, zamu yako ikifika una dola 1,200 mkononi bila riba. Cheza na watu unaowajua, na uombe zamu iangukie mwezi unaoutaka.

Kuna na kadi za maduka zinazosema "hakuna riba miezi 12". Zinafaa kwa mtu mmoja tu, yule atakayemaliza deni lote kabla ya mwezi wa 12 kwisha. Nyingi zinafanya kazi hivi: riba inahesabiwa kimyakimya tangu siku ya kwanza, na ukibakiza hata kidogo unadaiwa yote ya mwaka mzima. Tuseme ulinunua vitu vya dola 1,200, riba asilimia 30, ukawa unalipa dola 75 kila mwezi. Mwaka ukiisha umelipa 900, bado 300. Ghafla wanaongeza riba ya karibu dola 236. Kama utatumia kadi hiyo, gawanya bei kwa 11, si kwa 12, na uweke malipo yajikate yenyewe.

Na hizo pesa za kurudishiwa kodi, usizitumie kabla hazijafika. Wanaodai ile nafuu ya kipato cha kazi, au sehemu ya nafuu ya watoto inayorudishwa taslimu, IRS kwa sheria hairuhusiwi kuwalipa kabla ya katikati ya Februari, hata ukiwasilisha fomu mapema vipi. Na fundi unayelipwa kwa 1099, kumbuka hakuna aliyekukata kodi mwaka mzima. Huenda hicho unachokisubiri ni deni. Jua kwanza, ndipo umwahidi mtoto.

Sasa boksi lenyewe.

Ninapendelea kompyuta ya mezani iliyokwisha kuunganishwa kiwandani au dukani. Laptopu ya gemu yenye nguvu ile ile kwa kawaida ni ghali zaidi, inachemka, na kadi yake ya grafiki imechomelewa kwenye ubao, kwa hiyo ikifa imekufa. Kuunganisha mwenyewe kuna raha yake, lakini mtu anayetoka saitini saa moja usiku hana muda wa kutafuta kwa nini mashine haiwaki, tena vifaa saba vyenye waranti saba za kampuni tofauti ni kazi nyingine. Iliyounganishwa ina waranti moja na mtu mmoja wa kumlalamikia. Kama familia inahamahama kila baada ya miezi sita, sawa, laptopu.

Lakini si kila boksi linafunguka. Namaanisha kufunguka kwa maana ya fundi: ukitoa kifaa kilichokufa, unaweza kununua kingine dukani kikaingia. Hapa inafurahisha kwamba wazo hilo lilipata nguvu Houston kwenyewe. Mwaka 1982 wahandisi watatu waliotoka Texas Instruments walianzisha kampuni ya Compaq, na inasimuliwa kwamba mchoro wa mashine yao ya kwanza waliuchora kwenye karatasi ya kuwekea sahani katika mgahawa wa House of Pies. Walichouza kilikuwa kompyuta iliyokubali programu na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya IBM. Walipofanikiwa, wengine wakafuata, na ndiyo sababu leo RAM ya kampuni hii inaingia kwenye ubao wa kampuni ile. Compaq yenyewe ilimezwa na HP mwaka 2002.

Baadhi ya chapa kubwa zimerudi nyuma kwenye hilo. Kwa miaka mingi Dell, pamoja na Alienware yao, wamekuwa wakiuza mashine nyingi zenye ubao mama na pawa saplai za umbo lao wenyewe. Zinafanya kazi vizuri, sisemi ni mbovu. Ila pawa saplai ikifa waranti ikiwa imekwisha, huingii dukani ukachukua yoyote ya dola 60. Unatafuta ile ile ya kwao. Na ukitaka kuhamishia ubao mama kwenye boksi jingine, haukai. Kwa mhasibu hii ni tofauti kati ya mali na matumizi. Mashine ya dola 900 ambayo unaweza kuibadilishia kifaa kimoja kimoja kwa miaka saba ni rahisi kuliko ya dola 800 utakayoitupa mwaka wa nne.

Utajuaje? Uliza dukani maneno mawili tu: ubao mama ni ATX au micro-ATX, na pawa saplai ni ATX ya kawaida? Muuzaji akibabaika, mwombe afungue ubavu wa boksi uone. Micro Center wana duka Dallas, upande wa Richardson, na jingine Houston, upande wa Bellaire, na chapa yao ya PowerSpec huunganishwa kwa vifaa vya kawaida vinavyouzwa humo humo dukani. Hawanilipi kusema hivyo. Costco wanakupa siku 90 za kurudisha kompyuta, Best Buy ni siku 15 kwa mteja wa kawaida. Kwa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki, siku 15 zinaisha kabla hata hujaifungua vizuri, kwa hiyo siku ya kwanza iwashe, mwachie mtoto aitese wikiendi nzima.

Kuhusu vitu vya ndani, mtoto atakuja na orodha aliyoiokota YouTube. Atakuambia bila RTX 5080 gemu haziendi. Kadi hiyo peke yake ilitangazwa mwaka 2025 kwa dola 999. Mwulize anacheza nini. Kama ni Minecraft, Roblox na Fortnite, hizo zimetengenezwa ziende hata kwenye mashine za kawaida. RTX 5060 yenye kumbukumbu ya GB 8 ilitangazwa kwa dola 299 mwaka huo huo, na Radeon RX 9060 XT ya GB 16 kwa dola 349. Boksi lenye mojawapo ya hizo linamtosha mtoto wa shule kwa miaka kadhaa. Kama anatengeneza katuni kwa Blender, ambayo ni programu ya bure, nenda na NVIDIA, maana Blender inaelewana nayo vizuri zaidi. Kama anachora tu picha za kawaida, kadi ya grafiki karibu haina kazi, pesa ipeleke kwenye RAM.

Na RAM ndiyo inayouma siku hizi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepanda vibaya, kwa sababu viwanda vinapeleka kumbukumbu kwenye vituo vikubwa vya data vya akili bandia. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuacha kabisa kuwauzia watu wa kawaida chapa yake ya Crucial. Maana yake kwako ni mbili. Kwanza, ushauri wa zamani wa "nunua yenye GB 8 utaongeza baadaye" hauna faida tena. Anza na GB 16, na kama kuchora ni kwa dhati na bajeti inaruhusu, 32. Pili, iliyounganishwa tayari, ambayo duka lilinunua vifaa vyake kabla bei haijaruka, wakati mwingine inakuwa rahisi kuliko kununua vifaa kimoja kimoja. Uliza pia kama RAM imewekwa kipande kimoja au viwili. Viwili vinaipa mashine kasi zaidi.

Diski iwe SSD ya terabaiti 1. Taa za rangi zinazowaka-waka ndani ya boksi hazisaidii chochote, isipokuwa kumfurahisha mtoto, na nalo ni jambo, lakini usizilipie dola 100.

Kitu ambacho watu wanasahau: hilo boksi haliji na skrini. Nimeona baba akirudi nyumbani na boksi la dola 1,100, wakalichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, na kuanzia hapo hakuna aliyeangalia mpira. Kwa anayechora, skrini inaweza kuwa muhimu kuliko kadi. Tafuta ya inchi 24 yenye kioo cha IPS, inayoandika kwamba inaonyesha rangi za sRGB karibu zote. Kioo kibaya kitamfanya achore ngozi ya rangi ya chungwa bila kujua. Kisha tableti ya kuchorea, ile bapa isiyo na kioo, unachora juu yake kwa kalamu huku ukitazama skrini. Wacom, Huion na XP-Pen wote wana za bei ya kuanzia.

Na hapa nina ushauri ambao wazazi wameupenda. Nunua tableti kwanza. Wakati mnadunduliza zile wiki 38, tafuta hiyo tableti ya dola 60, ichomeke kwenye laptopu yoyote ya zamani iliyopo ndani, na pakua Krita, programu ya kuchorea isiyolipiwa hata senti. Haitakuwa na kasi, lakini inachora. Baada ya miezi mitatu utajua kama mtoto anachora kweli au alitaka gemu tu. Akiwa alitaka gemu tu, bado unaweza kuamua kumnunulia. Angalau utajua unanunua nini, na huenda boksi la bei ndogo zaidi likatosha.

Hesabu ya kikapu kizima, kwa mfano: boksi 900, skrini 120, tableti 60, kifaa cha kuzuia umeme mkali 30. Jumla dola 1,110. Ongeza kodi ya mauzo ya asilimia 8.25 inayotozwa Dallas, Fort Worth na Houston, yaani dola 91.58. Unatoka dukani umelipa 1,201.58. Na tafadhali, usisubiri ile wikiendi ya Agosti isiyo na kodi. Inahusu nguo, viatu, mabegi na vifaa vya shule vya chini ya dola 100. Kompyuta haimo. Kila mwaka kuna mtu anasimama kwenye foleni bure.

Kifaa cha kuzuia umeme mkali nimekiweka kwa makusudi. Wa Houston hamjasahau Julai 2024, kimbunga Beryl kilipozima umeme kwa wateja zaidi ya milioni mbili, na wa Dallas mnakumbuka baridi ya Februari 2021. Umeme ukirudi kwa kishindo ndipo vitu vinapoungua. Dola 30 hizo ni bima. Kuhusu bili, mashine ya gemu ikila wati 400 kwa saa nne kila siku, kwa mwezi ni uniti 48. Ukilipa senti 15 kwa uniti, ni dola 7 na senti 20. Si hiyo itakayokufilisi.

Kwa asiyefikia 1,200, njia ya vitu vilivyotumika ipo, ila ina mitego. Kompyuta za maofisini zilizorudishwa zinauzwa rahisi, na kwa mtoto wa miaka tisa anayecheza Minecraft zinatosha ukiongeza kadi ndogo. Pima nafasi ndani kwanza, maana yale maboksi membamba yanakubali kadi fupi za aina moja tu. Usinunue kwa sababu imebandikwa "i7". Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanzia prosesa za kizazi cha nane. Namba baada ya i7 ikianza na 4, kama 4770, hiyo ni ya mwaka 2013, haimo. Unaponunua kwa mtu wa mtandaoni, ikute ikiwa imewashwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, usome mwenyewe jina la prosesa, kiasi cha RAM na jina la kadi. Anayekataa kuiwasha, ondoka.

Kuna wanaoniambia, "Sasa wewe mhasibu unawahimiza watu wanunue michezo badala ya kutuma nyumbani." Hapana. Nyumbani ni kwanza, na ndiyo maana nakataa mkataba wa kila wiki. Tena tukiwa hapo hapo kwenye kutuma: tangu Januari 1, 2026 ukituma pesa nje kwa kutoa noti taslimu dirishani, unakatwa kodi ya asilimia 1. Ukilipia kwa akaunti ya benki au kadi iliyotolewa Marekani, hukatwi. Anayetuma dola 400 kwa mwezi anaokoa dola 48 kwa mwaka kwa kubadilisha tu njia ya kulipia. Hiyo karibu ni tableti ya mtoto.

Na kuhusu kwamba kuchora si kazi, tuangalie mahali tunapoishi. Doom, gemu ya mwaka 1993 ambayo dunia nzima inaijua, ilitengenezwa na id Software wakiwa Mesquite, kitongoji cha Dallas. Borderlands inatengenezwa na Gearbox, Frisco, mji ambao wenzetu wengi wanaujua kwa kujenga nyumba zake. UT Dallas kule Richardson inafundisha uhuishaji na utengenezaji wa gemu. Nyumbani nako, Ubongo Kids ilianza Dar es Salaam mwaka 2014 ikiwafundisha watoto hesabu kwa katuni za Kiswahili. Filamu ya Flow, iliyopata Oscar ya katuni Machi 2025, ilitengenezwa na timu ndogo kutoka Latvia, Ufaransa na Ubelgiji kwa Blender, programu ile ile ya bure ambayo kijana wako ataipakua. Sisemi wako ataishia huko. Wengi hawafiki, na kazi za gemu zenyewe zina misimu ya kufukuzwa kama saiti za ujenzi. Nasema kijana wa Alief anayechora saa tatu kila usiku anafanya mazoezi ya ufundi, na ufundi sisi tunaujua unavyofundishwa.

Wengine wanauliza kama wanaweza kuikata kompyuta kwenye kodi. Ya mtoto ya gemu, hapana. Kama wewe au kijana mkubwa anachora kwa malipo, mabango, nembo, katuni za watu, na anaripoti kipato hicho, basi ile sehemu ya matumizi ya biashara inakatwa, na risiti na rekodi lazima ziwepo. Anayetumia nusu kwa biashara anakata nusu. Piga picha risiti siku hiyo hiyo, maana wino wake unafutika.

La mwisho ni la wale ambao baada ya miaka minne watamnunulia kijana nyingine, na hii waifungashe kwenye kontena iende kwa binamu. Vizuri sana. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa kompyuta ni asilimia 0, ila ulizia VAT kabla ya kusafirisha. Kiwango chake cha kawaida ni 18 Tanzania na Uganda, 16 Kenya. Lakini kubwa ni umeme. Huku ni volti 120, kule ni 230 na zaidi. Geuza boksi, soma kibandiko cha pawa saplai. Kikisema 100-240, badilisha waya tu. Ukiona kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 na 230, kisukume kwenye 230 wewe mwenyewe kabla hujafunga kontena, ubandike na karatasi juu yake. Kikisema 115 peke yake, nunua pawa saplai nyingine uiweke ndani, na hapo ndipo utafurahi kwamba ulinunua boksi linalofunguka.